Maporomoko Yaliyosimama: Barua Zenu Kuhusu Barafu

Tangu niandike hapa kwamba niliishi majira tisa ya baridi katika mji wa Québec, Kanada, kabla ya kurudi nyumbani Katindo, hapa Goma, barua zinazonifikia karibu zote ni za barafu. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu aliyeiandika anasafiri kweli, na siku zake zinahesabika.

*Jambo Mama. Binti yangu wa kwanza yuko Québec. Amenitumia tiketi ya mwezi wa pili, anasema atanipeleka kwenye karnavali ya theluji na kunionyesha hoteli iliyojengwa kwa barafu. Nina miaka 63. Mimi hapa Goma mvua ikinyesha asubuhi tu natafuta sweta. Nafikiria kumwomba asogeze safari hadi mwezi wa saba. Unanishauri nini? Baba wa watoto watano, Himbi, Goma.*

Baba, nenda mwezi wa pili. Usisogeze.

Nakwambia hivyo nikijua unachokiogopa. Mimi nilifika kule mwezi wa kumi na mbili, nikajifungia. Miezi mitatu nilikuwa natoka nyumbani kwenda kazini na kurudi, pazia limeshushwa, simu mkononi, naongea na watu wa Goma mpaka salio linakwisha. Nilikuwa nalia bila kujua nalilia nini. Nilifanya kazi katika nyumba ya kutunza wazee, na siku moja bibi mmoja wa miaka 78 niliyekuwa namwogesha akaniuliza nimeona nini katika nchi yao. Nikamjibu: basi la kuja kazini, na humu ndani. Alisikitika kama mtu aliyeambiwa kwamba mgeni wake amelala na njaa. Jumapili mwanawe akaja na gari, akatuchukua sote wawili mpaka maporomoko ya Montmorency, dakika chache tu kutoka mjini.

Maporomoko yale yana kimo cha meta 83, yanayazidi ya Niagara kwa meta 30 hivi. Nilijiandaa kusikia ngurumo. Nikakuta ukuta. Pande zote mbili za mwamba maji yalikuwa yameganda yakining'inia, mengine manene kuliko shina la mwembe, rangi yake samawati hafifu kama maziwa yaliyotiwa maji. Katikati tu ndipo palikuwa na maji yanayoshuka. Na chini yake palikuwa na kilima cheupe, kimechongoka kama volkeno ndogo. Hakuna mtu aliyekijenga. Ni manyunyu ya maji yale yale, yanaganda yakitua, siku baada ya siku, mpaka yanakuwa kilima. Wenyeji hukiita mkate wa sukari. Kando yake watu wenye kamba viunoni na vishoka mikononi walikuwa wanaupanda ule ukuta wa barafu, wanachoma kishoka, wanavuta mwili, wanachoma tena. Bibi yangu alikuwa katika kiti chake cha magurudumu, blanketi magotini, macho yanamtoka machozi ya baridi, anacheka. Jumapili iliyofuata nilirudi pale peke yangu, kwa basi.

Kwa hiyo mwambie binti akupeleke Montmorency kwanza, hata kabla ya karnavali. Kuna kigari kinachoning'inia kwenye waya ambacho kinapandisha watu mpaka juu, magoti yako hayatapata shida.

Karnavali yenyewe huanza mwisho wa mwezi wa kwanza au mwanzo wa mwezi wa pili na kuendelea hadi katikati ya mwezi wa pili. Kwa sura yake ya leo imekuwapo tangu 1955. Utaona kasri la barafu, utaona Bonhomme, yule mtu mkubwa wa theluji mwenye kofia nyekundu na mshipi wa rangi kiunoni. Watoto wanamkimbilia kama askofu. Mimi nakuomba usikose kitu kimoja: mashindano ya mitumbwi kwenye mto Saint-Laurent. Mto ule ni mpana, na wakati wa baridi unabeba mapande ya barafu yanayosukumwa na mkondo na kupwa na kujaa kwa maji. Watu watano kwa mtumbwi mmoja. Penye maji wanapiga kasia. Penye barafu wanaruka nje, mguu mmoja ndani ya mtumbwi, mwingine unasukuma, mpaka barafu inaishia na wote wanarukia ndani tena. Zamani hivyo ndivyo barua na wagonjwa walivyovushwa kutoka visiwani. Mimi mtoto wa Kivu, niliyezoea kuwasikia wavuvi wa sambaza wakiimba jioni na mitumbwi yao mitatu iliyofungwa pamoja, nilisimama ukingoni pale nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Kazi ya maji ni kazi ya maji, popote.

Halafu kuna mteremko wa kutelezea kwenye baraza la Dufferin, chini ya ile hoteli kubwa kama ngome, Château Frontenac. Umewahi kumwona kijana wa chukudu, ule mkokoteni wetu wa mbao wa magurudumu mawili, akishuka kutoka Kibumba na mzigo wa viazi? Basi ni vile, ila chini yako hakuna magurudumu, kuna ubao na barafu. Watu wanateleza pale tangu 1884. Mgongo wako ukiwa mzima, kaa katikati, mbele akae mjukuu.

Hoteli ya barafu iko Valcartier, nje kidogo ya mji. Ilianza 2001, na kila mwaka inajengwa upya, maana kila mwaka inayeyuka. Wanapuliza theluji juu ya maumbo ya chuma, theluji inashikamana, wanaondoa chuma, kuta zinabaki zimesimama zenyewe, unene wake unazidi meta moja. Waswidi walitangulia, kule Jukkasjärvi, ambako barafu inakatwa kutoka mto Torne. Utakapoingia, gusa ukuta kwa mkono mtupu, mara moja tu. Nje inaweza kuwa nyuzi 25 chini ya sifuri, lakini ndani inabaki karibu nyuzi 3 hadi 5 chini ya sifuri, kwa sababu theluji ni blanketi: imejaa hewa, na hewa iliyotulia haipitishi baridi upesi. Ndani kuna vitanda vya barafu, glasi za barafu, hata kanisa dogo ambamo watu wanafunga ndoa. Kulala humo ni fedha nyingi, na kwa maoni yangu haina haja. Wanaruhusu watu kuingia kutazama kwa kiingilio cha kawaida. Nenda mchana ukae mpaka taa ziwashwe.

Sasa mavazi, na hapa Baba unisikilize vizuri. Wenyeji wanasema vaa kama kitunguu, ganda juu ya ganda. Ganda la kwanza, linalogusa ngozi, lisiwe la pamba. Pamba inakunywa jasho na kulishika, na nguo yenye unyevu ndiyo inayokugandisha. Tafuta sufu, au kile kitambaa chepesi cha wanamichezo. La pili sweta ya sufu. La tatu koti linalozuia upepo. Sufu usiende kuinunua kule. Ingia Birere, kwenye mitumba, utakuta masweta mazito ambayo hapa hayana mnunuzi, yanauzwa bei ya kutupa. Lakini mabuti yanunulie kule kule, na binti awepo. Mimi mwaka wa kwanza niliuziwa mabuti katika duka moja, muuzaji akaniapia kwamba yanastahimili nyuzi 30 chini ya sifuri. Wiki ya tatu soli ilipasuka kati ya kituo cha basi na kazini, nikatembea soksi zimelowa. Niliporudi dukani wakaniambia nimeyavaa vibaya. Chagua buti lenye soksi nene ya ndani inayochomoka, uikaushe usiku, na liwe na nafasi ya kuchezesha vidole. Kuvaa soksi mbili zinazobana ni kosa: damu haipiti, mguu unaganda haraka kuliko ukiwa na moja. Glavu ziwe zile ambazo vidole vinne vinakaa chumba kimoja, vinapeana joto. Barabarani kukiwa na utelezi, kuna meno madogo ya chuma ya kuvalisha chini ya kiatu. Kwa umri wetu usitoke bila hayo.

Na upepo. Kule wanatangaza nyuzi za namna mbili, ile ya hewa na ile ambayo mwili unaisikia ukipigwa na upepo. Angalia ya pili. Ikifika 28 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30. Vitabu vyao vinasema utaona ngozi ikiwa nyekundu kisha nyeupe. Kwetu sisi weusi wekundu ule hauonekani vizuri. Ngozi inaweza tu kuwa ya kijivu, kama iliyopakwa majivu, na watu walio nawe wasigundue. Kwa hiyo usitegemee macho. Sikio au kidole kikiuma, ingia ndani. Kikiacha kuuma ghafla na huku bado uko nje, hapo ndipo penye hatari, ingia upesi zaidi. Usikisugue, usikipake theluji, usikisogeze kwenye moto, maana hakisikii na utaungua bila kujua. Kiweke kwapani au kwenye maji ya uvuguvugu. Mimi ncha ya sikio langu la kushoto hadi leo inawasha kukiwa na ubaridi wa alfajiri hapa Goma, kwa sababu nilitoka bila kofia nikienda kutupa taka tu.

Simu iweke mfuko wa ndani karibu na kifua, betri inakufa kwa baridi. Chupa ya chai ya tangawizi usiiache. Na binti akikupeleka mahali ambapo wanamwaga sharubati ya moto ya mti wa mepo juu ya theluji na kuizungusha kwenye kijiti ikishakuwa laini kama ulimbo, kula mbili.

*Mama, kaka yetu yuko Ottawa. Ametuma video anateleza juu ya maji yaliyoganda, watu maelfu pembeni yake. Mama mzazi amekataa kuiangalia, anasema maji ni maji, siku moja yatafunguka. Nani ana haki? Kijana wa Ndosho.*

Wote wawili, mdogo wangu.

Nadhani kaka yako yuko kwenye mfereji wa Rideau. Wakati wa baridi wanaugeuza uwanja wa kutelezea wa kilometa 7.8 katikati ya mji, watu wanaenda nao hata kazini, na hawatozwi chochote. Pale kuna wafanyakazi wanaotoboa barafu kupima unene wake kabla ya kufungua, na bendera inaonyesha kama pamefunguliwa. Mwambie mama hivyo atulie kidogo. Barafu safi ya sentimeta 15 inabeba mtu mmoja mmoja. Kwa kundi linaloteleza wanataka 20. Ile angavu yenye rangi ya samawati ndiyo ngumu. Nyeupe isiyoonyesha ndani, iliyochanganyika na theluji, nguvu zake ni kama nusu. Ya kijivu ina maji ndani yake, usiiguse.

Inabeba kwa sababu ya jambo moja la ajabu katika maji. Maji yanayopoa yanakuwa mazito mpaka yafike nyuzi 4, kisha yanaanza kuwa mepesi tena. Ndiyo maana yale ya baridi zaidi yanabaki juu na kuganda huko huko juu, samaki wanaishi chini, na barafu inaelea kama kifuniko.

Lakini hofu ya mama yako naiheshimu, na nitakwambia kwa nini. Mwaka wangu wa nne tulitoka na kikundi cha watu wa kwetu kwenda kwenye ziwa dogo, mwezi wa tatu, jua limewaka. Aliyetuongoza alisema wiki iliyopita alipita hapo na gari. Hakupima. Tulikuwa kama meta kumi kutoka ukingoni niliposikia mlio, si wa kuvunjika, ni kama waya mrefu uliopigwa kwa chuma, ukakimbia chini ya miguu yetu mpaka ng'ambo. Kisha mguu wangu wa kulia ukazama hadi gotini. Nililala kifudifudi kama nilivyowahi kuona watu wakifundishwa kwenye televisheni, mikono na miguu imetanuliwa, nikajivuta kwa viwiko. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuwa nyuma yangu hatua tatu. Hatua tatu tu. Tangu siku hiyo barafu ambayo sijaambiwa nani ameipima, sikanyagi, na kaka yako afanye hivyo hivyo, hasa majira yakielekea mwisho.

Jambo moja la kuhuzunisha: majira ya 2022 hadi 2023 mfereji ule haukufunguliwa hata siku moja. Ilikuwa mara ya kwanza tangu watu waanze kuteleza pale miaka ya 1970. Barafu haikufika unene.

*Mama, mimi ni mwalimu Kadutu, Bukavu. Mwanafunzi amenibishia mbele ya darasa kwamba Kongo ina barafu isiyoyeyuka mwaka mzima. Nilimkatalia. Nilikosea?*

Ulikosea, mwalimu, na ninakupenda kwa kuuliza. Mpe mtoto alama zake.

Ruwenzori iko mpakani mwa Kongo na Uganda, karibu kabisa na ikweta, na kilele chake cha Margherita kina meta 5,109, cha tatu kwa urefu barani Afrika. Juu yake kuna barafu ya kudumu. Katika Afrika nzima barafu ya namna hiyo imebaki penye milima mitatu: Kilimanjaro, Mlima Kenya na huu wetu. Ndugu zetu Wanande na Wakonjo wana jina la theluji katika lugha yao wenyewe, nzururu, na katika imani ya wazee wao theluji ile ni kitu cha kuheshimiwa, si mapambo ya mlima. Kwa upande wetu njia ya kupanda inaanzia Mutwanga, ndani ya hifadhi ya Virunga, ile iliyoanzishwa 1925. Kupanda na kushuka ni kama siku sita, na wa kuwauliza kwanza ni walinzi wa hifadhi, maana hali ya usalama inabadilika.

Sijafika kileleni. Nilifika Mutwanga nikiwa msichana, kwenye harusi ya binamu. Saa kumi na mbili asubuhi wingu lilifunguka kwa muda wa kuchemsha chai, na juu ya migomba, juu kabisa, mahali ambapo nilidhani ni mbingu tu, palikuwa na mstari mweupe unaong'aa. Bibi mwenyeji alikuwa anafagia uwanja. Hakunyanyua hata kichwa, akaniambia: angalia haraka. Nikaangalia. Pakafunga.

Alikuwa na haki kuliko alivyojua. Mwaka 1906 Mwitaliano Luigi Amedeo, Mtawala wa Abruzzi, alipopanda na kuchora ramani ya milima ile, barafu ilikuwa imefunika vilele sita. Leo vilele vya Emin na Gessi ni miamba mitupu, na hata pale Stanley, mlima wenye Margherita, imebaki sehemu ndogo tu. Wataalamu wa hali ya hewa wa Umoja wa Mataifa wameonya kwamba barafu ya milima yote mitatu inaweza kwisha kufikia miaka ya 2040. Wanafunzi wako watakuwa hawajafika umri wangu. Wafundishe sasa, na kama shule inaweza kupata picha za 1906 za Vittorio Sella, waweke kando ya picha za leo, wahesabu wenyewe.

Na kwa wa Goma wasiofika Beni, upande wa Ruwenzori: baada ya usiku wa mvua kubwa, amka kabla ya saa moja utazame mlima Karisimbi. Una meta 4,507, na mara nyingine kichwa chake kinaamka cheupe. Jina lake linatokana na isimbi, kauri nyeupe. Saa tatu jua linakuwa limeshaiyeyusha theluji yote.

*Mama, mkwe wangu yuko Norwe. Ametuma picha ya mjukuu wangu wa miezi saba amelazwa nje, kwenye kigari, theluji pembeni. Sikulala. Nimkanye? Nyanya wa Majengo, Goma.*

Usimkanye, mama. Katika nchi zile, Norwe, Uswidi, Finlandi, kulaza mtoto nje mchana ni desturi ya siku nyingi. Mtoto amevishwa sufu, amefunikwa, na mzazi anamchungulia dirishani. Muulize tu kwa upole wanaacha kumtoa baridi ikifika nyuzi ngapi. Atafurahi kwamba umeuliza. Na mwambie kitu kimoja kutoka kwangu: umeme ukikatika, asije akawasha mkaa ndani ya nyumba kama tunavyosogeza mbabula huku. Nyumba zile zimezibwa kila upande. Moshi wa mkaa usioonekana unaua watu wakiwa usingizini.

*Mama, theluji inanuka nini? Inalia? Mwalimu alisema haina sauti. Nina miaka 11, Mabanga.*

Mwanangu, ikidondoka haina sauti kabisa, na hata magari yanasikika kama yamefungwa kitambaa, kwa sababu theluji mpya inameza kelele. Harufu yake mimi sikuwahi kuisikia. Baridi inakaza pua tu. Lakini ukiikanyaga inalia. Ikiwa baridi kidogo inanyamaza, inabonyea kama ugali. Baridi ikizidi, punje zake zinakuwa ngumu na zinasuguana chini ya kiatu. Nenda jikoni, uchukue unga wa muhogo mkavu kwenye mfuko, uukamue kwa ngumi karibu na sikio. Ndiyo hiyo.